NAIROBI MPAKA NEW YORK: MWENDO, SAA NA NAULI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka)

Bwana Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee mliotutangulia katika mabweni haya, wanachama wenzangu, na ninyi vijana ambao leo mmeachiwa viti vya nyuma ingawa ninyi ndio wenye shule:

Katibu aliponialika kuzungumza alinipelekea pia barua fupi ya wanafunzi wa Chama cha Jiografia. Wanauliza mambo mawili. Kutoka Nairobi mpaka New York ni mbali kiasi gani? Na kwa nini ndege hukawia zaidi inapokwenda kuliko inaporudi? Najua swali hili limetoka wapi. Limetoka katika ajenda ya leo, kifungu cha Hazina ya Nauli, ambacho tutakipigia kura baada ya chakula. Vijana wamekisoma wakataka kujua wenzao wanaopata nafasi za masomo Marekani wanapelekwa umbali gani hasa. Mimi nimelipokea swali kwa furaha, maana kazi yangu serikalini kwa miaka mingi imekuwa kupitisha maombi ya safari za maofisa, na New York, kwa sababu ya Umoja wa Mataifa, ni mji ninaouona juu ya meza yangu karibu kila wiki.

Tuanze na mwendo wenyewe. Toka Uwanja wa Jomo Kenyatta mpaka Uwanja wa John F. Kennedy ni kilomita 11,840 hivi kwa njia iliyo fupi kabisa. Lakini njia fupi ni ipi? Mkiiendea ile ramani ya ukutani na kuweka rula baina ya miji hii miwili, mstari wenu utapita Burkina Faso na kutokea baharini kwenye pwani ya Mauritania. Ndivyo nilivyodhani nami nilipokuwa Kidato cha Pili. Sasa liacheni rula, chukueni uzi, mwuvute juu ya tufe la dunia. Mtaona uzi hauendi huko hata kidogo. Unapanda kaskazini kupitia Uganda na Sudan Kusini, unaambaa mpaka wa Sudan na Chad, unakata Niger na jangwa la Algeria, kisha unaiacha Afrika kwenye pwani ya Morocco. Ukiwa juu ya Atlantiki unaendelea kupanda mpaka unapita latitudo ya New York yenyewe, halafu unateremka kidogo kuufikia mji. Nimepiga hesabu: njia ya rula ni ndefu kuliko njia ya uzi kwa kilomita 350 hivi. Mpige simu mwalimu wenu wa Hisabati awafanyie hesabu hiyo upya; mimi niliifanya usiku na huenda akaona mkato wa njia kuliko wangu.

Ama kuhusu muda. Ndege ya jeti ikishafika juu huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanyeni 11,840 kwa 900, mtapata saa 13 na dakika chache. Lakini Kenya Airways ilipoanzisha safari hii ya moja kwa moja, tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Sehemu ya muda uliozidi huliwa ardhini na katika kupanda na kushuka. Iliyobaki huliwa na upepo. Juu sana, kilomita 9 mpaka 12 kutoka ardhini, katika nchi zilizo mbali na Ikweta, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi kasi yake yaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Mabaharia wa Pwani hawahitaji kuelezwa habari hii. Babu zetu walijua kwamba jahazi haliendi Arabuni na kurudi kwa upepo mmoja. Walingoja kusi wapande, na kaskazi iwarudishe. Tofauti ni kwamba rubani wa leo hana nafasi ya kungoja miezi sita. Anakwenda Marekani upepo ukimpiga usoni na anarudi ukimsukuma mgongoni, na katika nusu ya safari iliyo juu ya Atlantiki ndipo anapoujua zaidi.

Kijana mmoja ameongeza chini ya barua, kwa kalamu nyingine, kwamba kama dunia inazunguka kuelekea mashariki, je, ndege iendayo magharibi haikupasa kufika mapema, kwani New York inaijia? Swali zuri, na nimeona asilaumiwe kwa kuharibu barua. Ajibu mwenyewe kwa njia hii: apande basi linalokwenda kasi, arushe chungwa juu. Chungwa litamrudia mkononi. Halitampiga abiria wa kiti cha nyuma, kwa sababu lilikuwa likienda pamoja na basi tangu mwanzo. Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa.

Kuna jambo jingine ambalo abiria halioni. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na New York iko ufukweni. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, haiinui mabawa kwa nguvu ile ile, na injini nazo hupungukiwa. Kwa hiyo ndege inayoondoka Nairobi ikiwa na mafuta ya saa 15 haiwezi kubeba kila mzigo ambao ingeubeba kama ingeondokea Mombasa. Kuondoka usiku husaidia kidogo, maana hewa ya baridi ni nzito zaidi. Basi msimchukie mtu wa kaunta anapobishana nanyi juu ya kilo mbili za sanduku.

Sasa saa. Hapa ndipo ninapoona maofisa wenye digrii wakitaabika. Ratiba iliyotangazwa mwaka 2018 ilisema ndege itaondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25 siku ya pili. Itaondoka New York 12:25 na kufika Nairobi 10:55 siku ya pili. Ofisa anatoa 23:25 katika 06:25, anapata saa 7, anajaza fomu. Mwenzake wa kurudi anapata saa 22 na nusu. Mmoja amesafiri kwa roketi, mwingine kwa mashua. Sababu mnaijua: sisi tunatumia saa ya longitudo ya digrii 45 mashariki, wao wanatumia saa ya digrii 75 magharibi, jumla digrii 120, na kila digrii 15 ni saa moja, hivyo tumewatangulia kwa saa 8. Toka Machi mpaka mwanzo wa Novemba wao husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa 7. Ongezeni 8 kwenye zile 7 za kwenda, mpate 15. Punguzeni 8 katika zile 22 na nusu, mpate 14 na nusu.

Sisi wa Pwani tuna mitego yetu mingine miwili. Kwanza, tikiti husema 06:25 na bibi akasikia saa sita na dakika ishirini na tano, akaenda kumpokea mgeni adhuhuri wakati mgeni amekwisha kaa juu ya sanduku lake tangu saa kumi na mbili asubuhi. Huo hurekebishika. Wa pili ni mbaya zaidi. Kwetu siku huanza jua likizama. Usiku wa Jumanne, kwa mzee aliyelelewa vizuri, ni ule unaotangulia Jumanne mchana. Lakini tikiti ya Jumanne 23:25 ni usiku ambao mzee huyo anauita wa Jumatano. Nimeona mtu akiletwa uwanjani na ukoo mzima, na vilio na dua, saa 24 kabla ya ndege yake. Hao walipoteza usingizi tu. Angekosea kwa upande wa pili angepoteza tikiti. Semeni ‘Jumanne usiku kuamkia Jumatano’, na mwandike tarehe.

Na usiku wenyewe, ukisafiri kwenda magharibi, ni mrefu ajabu. Mwezi wa Desemba jua hukuchwa Nairobi kama saa kumi na mbili na nusu, nawe unalikimbilia giza. New York jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi ya huko, ambayo kwetu ni baada ya saa tisa alasiri. Mtu wa safari hiyo hukaa zaidi ya saa 20 bila kuona jua.

Katika ofisi niliyomo kazi ni kuchagua njia. Tukipitishia mtu London, jumla ni kama kilomita 12,380, yaani karibu 540 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja. London haipotezi mwendo mwingi. Tukimpitishia Dubai, jumla ni kama 14,570, kwa kuwa anaanza kwa kusafiri kuelekea kaskazini-mashariki hali anataka magharibi. Lakini kilomita si hoja kubwa kama kungoja. Ngojo moja ya saa 5 kwenye benchi ni sawa na kilomita 4,500 za hewani. Pia kuna mwili. Mkutano wa saa 9 alasiri New York wakati wa baridi unaanza saa 5 usiku kwa tumbo la ofisa wetu. Mimi huwa naandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba ofisa afike siku moja kabla, na wakuu wangu aghalabu hulifuta kwa ajili ya posho. Nadhani wamekosea. Serikali imelipa nauli ya kilomita 11,840 kisha inabana usiku mmoja, na mtu aliyepelekwa kuitetea nchi anasinzia kifungu chake kinapofika.

Vijana, msidhani kwamba njia hii imefunguliwa na injini peke yake. Kenya Airways ilianza kupokea ndege za Boeing 787, ambazo ndizo zinazofanya safari hii, mwaka 2014. Safari ilianza mwishoni mwa 2018. Miaka hiyo ndege ilikuwapo, New York ilikuwapo, na kilomita zilikuwa zile zile. Kilichokosekana kilikuwa karatasi: Marekani haikubali ndege za nchi yoyote zije moja kwa moja mpaka iridhike kwamba nchi hiyo inasimamia usalama wa anga ipasavyo, na Kenya ilipata daraja hilo la kwanza Februari 2017, kisha zikafuata kanuni za uwanja wenyewe, kama vile kuwatenganisha abiria wanaoingia na wanaotoka. Wengi wa watu waliofanya kazi hiyo walikuwa wakaguzi na makarani ambao majina yao hayakutajwa siku ndege iliporuka. Nalisema hili kwa wale kati yenu wanaodharau kazi ya karatasi.

Na karatasi ikifungua, karatasi yaweza kufunga. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 anga yake ilifungwa kwa ndege za abiria. Baada ya mapinduzi ya Niger ya Julai mwaka huo huo, anga ya Niger nayo ilifungwa tangu tarehe 6 Agosti mpaka mapema Septemba. Kumbukeni uzi wetu ulipita wapi. Kabla ya hapo, Machi 2020, ugonjwa wa korona ulisimamisha safari yenyewe mpaka Novemba. Ukitaka kujua Nairobi na New York ni mbali kiasi gani, mara nyingine inakulazimu kwanza kusoma gazeti.

Wazee waliopo hapa wataniwia radhi nikiwarudisha mwaka 1959. Mwaka ule Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, wakiwemo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier waliotoa majina yao kuomba michango, walikodi ndege ikawachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi mpaka New York. Walifika Septemba. Mwaka uliofuata fedha zilipopungua, wakfu wa ukoo wa Kennedy ulitoa dola 100,000, na katika kundi la mwaka huo wa 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Wangari Maathai. Uwanja walioshukia wale 81 uliitwa Idlewild; ulipewa jina la Kennedy Desemba 1963. Uwanja wa Nairobi uliitwa Embakasi. Ndege za propela za siku zile hazikuweza kuruka mwendo wote huo kwa pumzi moja. Zilishuka njiani kunywa mafuta.

Lakini ninachotaka mkione si uchovu wa safari ile. Vyuo vingi vilikuwa vimewapa wanafunzi hao nafasi na hata karo. Kilichowakwamisha kilikuwa nauli. Bahari yote iliyoko kati ya Morocco na Marekani ilikuwa haina kina kama ule mfuko mtupu. Ndiyo maana kampeni yote ile ilikuwa ya kutafuta ndege. Na nauli iliyopatikana ilikuwa ya kwenda. Mtoto aliyepanda aliagwa kama mtu anayeondoka kwa miaka, na ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Arusi za dada zao walizisoma kwenye barua, na misiba pia.

Mtasema hayo ni ya zamani, leo ni saa 14 tu. Basi niwaeleze habari ya mwenzetu wa darasa langu, ambaye ameniruhusu kuisimulia bila kumtaja jina. Anafanya kazi New York. Januari 2019, Jumatano, mama yake alifariki hapa Mombasa baada ya adhana ya alfajiri. Simu ilimfikia saa 3 usiku, na kwake ilikuwa bado Jumanne. Wazee wa ukoo walikaa. Wako jirani zetu wa bara ambao maiti huhifadhiwa wiki moja au mbili mpaka watoto wote wafike, lakini dini yetu hairuhusu kuchelewesha bila dharura, na mjomba akasema mtoto kuwa mbali si dharura ya maiti. Maziko yakapangwa baada ya swala ya adhuhuri. Saa 8 mchana mama alikuwa kaburini. New York ilikuwa saa 12 asubuhi, na ndege ya moja kwa moja ingeondoka saa 6:25 mchana. Mama alizikwa kabla abiria hawajaanza kuitwa.

Alipanda ndege hiyo hiyo. Alhamisi saa 5 kasoro asubuhi alikuwa Nairobi, na jioni alikuwa Mombasa. Alikuta jamvi bado limetandikwa uwanjani, akakaa na baba yake, na Ijumaa akasoma hitima pamoja na ndugu zake. Aliniambia baadaye kwamba hasikitiki kwa maziko, kwa kuwa hakuna chombo ambacho kingemfikisha. Angesikitika, alisema, kama angekosa hitima kwa ajili ya pesa, maana tikiti ile aliinunua usiku ule ule kwa fedha za akiba, kwa bei ambayo mwanafunzi hawezi kuifikiria.

Ndipo ninapofikia ajenda, Bwana Mwenyekiti. Rasimu ya kamati ni nzuri na nawapongeza waliokaa usiku kuiandika. Nilipokuwa hapa shuleni, gari la moshi la usiku kutoka Mombasa mpaka Nairobi lilichukua kama saa 13, likifika kwa wakati, na hakuna hata mzazi mmoja aliyetupa nauli ya kwenda bila ya kurudi. Walijua mtoto wa shule hana pa kuipata. Mwanafunzi wa chuo huko Marekani, aliyesaidiwa karo na chakula, hana pia. Na viza yake humwekea mipaka ya kazi anayoweza kufanya. Hazina ikimpa tikiti ya kwenda tu, kwake New York haitakuwa saa 15 kutoka Nairobi. Itakuwa miaka minne, kama ilivyokuwa 1959.

Najua hesabu ya hazina. Mweka Hazina alinionyesha daftari, nami nimeona kwamba fedha zilizopo zitawatosha vijana watatu kwa nauli ya kwenda, ama mmoja kwa nauli ya kwenda na kurudi na akiba kidogo. Watakaosema watatu ni bora kuliko mmoja wana hoja, na sitawabeza. Mimi nasema tumpeleke mmoja mwaka huu ambaye twaweza kumrudisha akiitwa, na tuongeze mchango wa mwanachama ili mwakani wawe wawili.

Kwa hiyo naomba kutoa pendekezo la marekebisho. Katika kifungu cha 4 cha rasimu, mstari wa pili, palipoandikwa ‘nauli ya kwenda’ pasomeke ‘nauli ya kwenda na ya kurudi mara moja wakati wowote wa masomo, kwa likizo au kwa dharura ya nyumbani’. Naomba kuungwa mkono.